Bibi na pete ya moshi

Jana jioni mwanangu alikuwa uani akipuliza viputo vya sabuni. Kimoja kikapita mlangoni, akaniuliza: "Mama, mbona pembeni kinaonekana, katikati kama hakuna kitu?" Niliacha sufuria jikoni. Swali hilo nimewahi kulisikia Kondoa, Agosti 2004, kwa sauti ya Bibi.

Umeme ulikuwa umekatika, na mwalimu wetu wa fizikia akaona hiyo ndiyo nafasi. Akatoa darubini uwanjani, akaielekeza kaskazini, juu kidogo ya nyota Vega, kwenye wingu la gesi liitwalo Nebula ya Pete. Tukapanga foleni. Bibi alikuwa amenifuata na tochi anirudishe nyumbani, naye akapanga.

Zamu yake ilipofika alikusanya kanga kifuani, akainama. Kimya. "Sioni." Mwalimu akamwambia asikikazie macho, atazame kando kidogo. Hapo hapo akanishika mkono kwa nguvu.

"Pete ya moshi," alisema. "Katikati mbona kutupu?"

"Si kutupu, Bibi," mwalimu akajibu. "Nyota imezeeka, imejivua ganda la gesi. Ukingoni jicho linapita kwenye gesi nyingi, katikati linapita kwenye gesi chache. Na ganda hilo linatanuka, zaidi ya kilomita 20 kila sekunde."

Bibi hakubanduka. Nyuma yetu wameanza kuguna. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, mwalimu akakifuta kwa ncha ya shati, naye akainama tena.

"Kilomita 20," alisema taratibu. "Mbona imetulia?"

"Iko mbali. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka 2,000 kutufikia."

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba darubini ya Hubble, iliyo angani, imeonyesha umbo tata zaidi: pete ni nene kama donati, na tundu lake limejaa gesi nyingine yenye umbo la mpira wa raga, ncha moja ikituelekea. Bibi alikuwa ameshafariki. Natamani angesikia kwamba katikati kuna mengi kuliko tulivyoambiwa.

Mwaka jana niliitazama tena. Kwa hesabu ya mwalimu, ukingo wake umesogea zaidi ya kilomita bilioni 12 tangu usiku ule. Niliona pete ile ile, imetulia vile vile.

Nikamwomba mwanangu apulize kingine. Nilianza na jibu la mwalimu, la gesi nyingi na gesi chache. La donati bado sijamwambia.