Kufuli mbili na bakuli la watu

Leo Jumapili, tarehe 16 Novemba 2025. Nimeamka saa nne, chai imepoa, na juu ya friji kuna bakuli la watu ambalo linanitazama tangu tarehe 4. Kila nikilipita naona kama linaniuliza kitu. Wacha niandike basi.

Hilo bakuli ni la bibi mmoja wa kizungu tuliyefanya naye kazi kituo cha kupigia kura hapa Columbus, siku ya uchaguzi. Mimi nilikua upande wa Wademokrat, yeye Mrepublikan, na hatukupangwa hivo kwa bahati, huku Ohio sheria ndo inataka. Bodi ya uchaguzi ya kila kaunti ina watu wanne, wawili wa chama hiki wawili wa chama kile, na sisi wa chini pia tunagawanywa vivyohivyo. Chumba wanachoweka kura kina kufuli mbili, ufunguo mmoja unakaa kwa Wademokrat na mwingine kwa Warepublikan, hakuna wa kuingia mle peke yake hata kama amesahau simu.

Mwaka jana nilipoelezwa hiyo habari kwenye mafunzo nilicheka kwa sauti mpaka mwalimu akaniangalia. Mana nilikumbuka sanduku la pesa la chama cha akiba cha mamangu kule Likoni, lile la bati la kijani, lilikua na kufuli tatu na wamama watatu kila mmoja na ufunguo wake, na hao wamama watatu walikua hawapendani hata kidogo! Mmoja wao na mamangu walikaa miaka bila salamu nje ya kikao. Lakini Jumamosi wanakuja, wanafungua, wanahesabu, wanafunga, kila mtu kwake. Nilidhani ni ushamba wetu, kumbe hata Marekani tajiri inahesabu kura zake kwa akili ya wamama wa Likoni.

Sasa hebu tizama, siku hiyohiyo sisi tumekaa pale toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, huko Washington serikali ilikua imefungwa toka tarehe 1 Oktoba, mana bajeti haijapita bungeni. Siku 43 kwa jumla, ndefu kuliko zote mpaka hapo, ile ya mwisho wa 2018 ilikua 35. Kwenye foleni yetu mama mmoja alikua anamwambia mwenzake kadi yake ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, mwezi huu haijaingia kitu. Watu milioni 42 hivi wanakula kupitia hiyo kadi. Alafu ikaisha vipi? Maseneta wanane wa upande wetu, saba Wademokrat na Angus King ambaye hana chama, wakapiga kura pamoja na Warepublikan zikafika 60 zinazotakiwa, na usiku wa tarehe 12 Trump akatia sahihi. Nilifungua simu nikakuta wenzangu wa chama wanawaita wasaliti. Na mimi nitasema ukweli wangu hapa, nilikasirika pia, manake suala la bima ya afya walilokua wanalipigania halikupatikana zaidi ya ahadi ya kupigiwa kura. Lakini yule mama wa foleni sikumuona kwenye hesabu za mtu yeyote, si huku wala kule.

Na mimi mwenyewe niko hapa kwa sababu ya watu wawili wa vyama tofauti, jambo ambalo nimelijua juzijuzi tu. Greencard ya bahati nasibu, ile tuliyokua tunajaza kila Oktoba pale saiba na watu wanakuuzia "picha za lottery", ilitoka kwenye sheria ya 1990. Waliokaa miaka kuisukuma sheria hiyo Seneti ni Ted Kennedy, Mdemokrat wa Massachusetts, na Alan Simpson, Mrepublikan wa Wyoming, alafu akaitia sahihi Bush baba. Simpson hata hakua anapenda wahamiaji wengi kihivyo, alitaka idadi iwekewe kikomo, Kennedy alitaka mlango upanuke, wakavutana, kila mtu akaondoka na kipande na akaacha kipande. Mimi ni kipande hicho.

Yule bibi nilipomhadithia alisema, "Hani (yaani mpenzi), hao wa siku hizo walikua wanakunywa pamoja jioni." Kila Mmarekani wa umri wake atakwambia hivo, walikua wanakunywa pamoja, walikua wanacheza gofu, rais Reagan, Mrepublikan, na Spika Tip O'Neill, Mdemokrat, walikua wanagombana mchana na ikifika jioni ni stori na vicheko. Ni kweli O'Neill alienda kupiga magoti kando ya kitanda cha Reagan hospitali alipopigwa risasi 1981, na ni kweli 1983 wakaiokoa pamoja pensheni ya wazee. Lakini mimi hii stori ya kunywa pamoja hainiingii sana. Sisi Wakenya tumeona handisheki, tumeona nusu mkate, tunajua wakubwa wakipatana sana saa zingine ni mwananchi anaeuzwa. Kupatana peke yake si uzuri.

Na hata huo uzuri wao wa zamani ulikua na harufu. Chukua 1964, sheria ya haki za raia, ile ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi. Waliozuia Seneti wasipige kura, wakaongea na kuongea zaidi ya miezi miwili ili mswada ufe, wengi walikua Wademokrat wa kusini, ndio, chama changu mimi. Tarehe 10 Juni kura ya kuwanyamazisha ilipita 71 kwa 29, na kati ya hao 71, Warepublikan walikua 27, wakiongozwa na Everett Dirksen wa Illinois. Bila wao rais Johnson, Mdemokrat, asingefika popote. Kulikua na seneta wa California, Clair Engle, ana uvimbe kwenye ubongo, hawezi tena kuongea, wakamleta kwa kiti cha magurudumu, jina lake lilipoitwa akaonyesha jicho lake kwa kidole. Kwa Kiingereza jicho linasikika kama "ndiyo" ya bungeni. Alikufa mwezi uliofuata. Nikisoma hiyo habari huwa nasimama kidogo, hata sijui kwa nini.

Lakini uone sasa, walikua wanaweza kuvuka vyama kwa sababu vyama vyenyewe vilikua mchanganyiko, ubaguzi ulikua na makao chama hiki na ulikua na makao kile. Baada ya hapo wa kusini wakahama polepole, kila mtu akaenda na wa kwake, na sasa chama ni kama kabila kwa vile tunavyolijua sisi: kanisa, mtaa, gari, redio, hadi bia. Kwa hiyo mtu akiniambia turudi zamani, mi namuuliza zamani ya nani.

Kilichopotea kwa maoni yangu ni haya, ile soni ya moyoni. Siongelei aibu, mana aibu ni mpaka ushikwe. Haya unakua nayo hata kama uko peke yako.

2016 mwezi wa pili alikufa jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu. Obama akamteua Merrick Garland, Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikan Seneti, akasema hapana, ni mwaka wa uchaguzi, tuache wananchi waamue, na wakaacha kiti wazi mpaka Obama akaondoka. Sawa, hoja ni hoja. Lindsey Graham, seneta Mrepublikan wa South Carolina, akasema mbele ya kamera kwamba ikija kutokea kwa rais Mrepublikan, nishikeni kwa maneno yangu haya. Ikatokea! Jaji Ruth Ginsburg wa mahakama hiyohiyo akafariki Septemba 2020, Trump ndo rais, kura zenyewe zishaanza kupigwa kwa posta, na Amy Barrett, aliyeteuliwa na Trump kujaza kiti chake, akapitishwa 52 kwa 48 siku nane kabla ya uchaguzi, na aliyeongoza vikao vya kamati ni Graham huyohuyo. Watu wakamuonyesha video yake. Akaendelea na kazi, na wapiga kura wa South Carolina wakamrudisha kwa raha zao.

Na Scalia na Ginsburg walikua marafiki wa dhati, wa opera na mwaka mpya pamoja, huku kila mmoja anaandika hukumu za kumpasua mwenzake. Scalia alipitishwa na Seneti 98 kwa sifuri 1986, Ginsburg 96 kwa 3 mwaka 1993. Hesabu hizo ukimwonyesha kijana wa siku hizi anadhani ni za Korea Kaskazini.

Upande wangu nao wacha nisiufiche. Biden alisema mara kadhaa hatamsamehe mwanawe Hunter, alafu tarehe 1 Disemba mwaka jana, uchaguzi ushapita, akamsamehe. Nilimtetea kazini siku nzima, "baba ni baba", na usiku nikajiuliza ingekua mtoto wa Trump ningesema nini. Jibu nalijua. Bob Menendez wa New Jersey, Mdemokrat, alikutwa na vipande vya dhahabu nyumbani, VIPANDE VYA DHAHABU jamani kama hadithi za sultani, na hapo kwanza nilikua nimesema labda wanamuonea.

Ndo maana siwezi kumhukumu yule bibi kirahisi, ingawa kuna kitu kilitokea mchana pale kituoni.

Saa nane hivi watu walikua wamepungua, uchaguzi wa mji huu hauvuti watu kama wa rais, tukawa tunapiga stori. Nikagusia Springfield. Ni kama mwendo wa saa moja toka hapa. Mwaka jana Septemba Trump kwenye mdahalo alisema Wahaiti wa pale wanakula mbwa na paka za watu, na JD Vance, ambae alikua seneta WETU, wa Ohio, aliulizwa kwenye TV akasema ikibidi atunge stori ili watu waangalie shida za wananchi wake, atatunga. Shule zikafungwa kwa vitisho vya mabomu. Wiki ile mimi nilimwambia mwanangu asiongee Kiswahili kwenye basi, kitu ambacho sijawahi kujisamehe. Aliyesimama kusema ni uongo ni gavana Mike DeWine, Mrepublikan, mzaliwa wa Springfield, ambae yeye na mkewe wamesaidia miaka mingi shule huko Haiti yenye jina la binti yao aliyekufa. Akapeleka polisi wa jimbo mashuleni. Akaandika gazetini kwamba hao Wahaiti ni wachapa kazi. Na kwenye maandishi hayohayo akasema bado anawaunga mkono Trump na Vance.

Sijui nimuweke wapi huyu mzee, nimejaribu mwaka mzima.

Bibi akanisikiliza, akasema DeWine ni laini sana. Alafu akasema, "Lakini hani, moshi hautoki bila moto, wale watu kitu fulani walikua wanafanya." Aliongea kwa upole kabisa, kama mtu anaekwambia mvua itanyesha. Nikanyamaza. Nikapanga upya vibandiko vya "nimepiga kura" ambavyo vilikua vimepangika.

Na ni bibi huyuhuyu ambae mwaka jana aliona sikula zile hotidogi walizotuletea, hakuuliza kitu, mwaka huu akaja na chungu cha maharage ya pilipili wanayoyapika hapa na nyama ya kusaga, na pembeni bakuli dogo lenye mfuniko, akanisogezea, "Hii yako, haina nyama, sufuria nyingine kabisa." Sufuria nyingine kabisa. Hata dukani kwa Waislamu wenzangu sijawahi kuambiwa hivo bila kuuliza.

Mwezi Juni aliuawa Melissa Hortman, mbunge Mdemokrat wa jimbo la Minnesota, nyumbani kwake, yeye na mumewe, na Septemba akauawa Charlie Kirk, mwanaharakati wa upande wa Trump, huko Utah. Kwetu Pwani msiba ukitokea unauliza maziko saa ngapi. Hapa niliona watu, na wengine nawafahamu, wanauliza kwanza marehemu alikua upande gani ndo wajue kama walie au wacheke. Kwa Kirk kuna sauti ya kucheka niliisikia ndani yangu mwenyewe, ndogo, nikaizima, lakini ilikuepo. Bibi alilia kwa Kirk, aliniambia. Hortman hakumjua ni nani.

Saa moja na nusu usiku tukafunga. Tukahesabu, tukatia sahihi wote wawili kila karatasi, tukafunga mifuko kwa zile sili za plastiki zenye namba, alafu tukaingia gari moja mimi na yeye kupeleka bodi, mana hapo pia hairuhusiwi mmoja peke yake. Aliendesha yeye, macho yangu usiku si mazuri. Redio yake ilikua kwenye stesheni ambayo mimi siwezi kuisikiliza hata dakika. Akaizima kabla sijasema. Kimya mpaka tunafika, mifuko iko kiti cha nyuma imefungwa mkanda kama mtoto.

Nilipotoka na bakuli langu akanambia tutaonana Mei, kuna kura ya mchujo.

Sasa shida yangu ni hii. Chombo cha watu hakirudi kitupu, mamangu atanifufukia. Nimefikiria mahamri lakini yakipoa yanakua mawe, biriani itamuua na pilipili, na kaimati sijui kama ataelewa zinaliwaje. Dada yangu kwenye simu anasema mpelekee mkate wa sinia, kila mtu anakula mkate wa sinia. Iliki ninayo. Tui la kopo pia ninalo. Sina sinia.