Siku moja maishani mwangu: kudai mishahara ya watu wa mgahawa

Saa 12 asubuhi. Simu inaita sijapiga hata mswaki. "Kaka, bosi kanirushia laki moja usiku, anasema tumemalizana." Ni dada wa jikoni, shauri lake liko leo. Namwambia asisaini kitu, na meseji asiifute. Anayesema hadaiwi hatumi hela usiku wa manane.

Saa 3. Benchi la nje, CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Dar es Salaam. Dada katoa kitabu cha oda. Nyuma ya kila karatasi kaandika kwa penseli saa aliyoingia, aliyotoka na alichokatwa: sahani mbili zilizovunjika, bili ya meza ya sita waliokula wakatoroka. Kurasa zimelowa mafuta ya kukaangia. Ushahidi mtamu kama huu siupati kila siku.

Saa 4. Mwajiri anaanza na wimbo wao: "Mheshimiwa, hawa ni vibarua, hawana mkataba." Vizuri sana. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, mwajiri asipoleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Sahani je? "Ndiyo utaratibu wetu." Kumbe kifungu cha 28 kinataka mfanyakazi akubali kwa maandishi kukatwa hasara, na makato yasizidi robo ya mshahara. Msuluhishi anaandika, hasemi neno.

Saa 6. Mwajiri anataka kulipa nusu. Tunatoka koridoni. Dada anataka mishahara yake ya miezi mitatu na makato yote. Ovataimu, ambayo ni mara moja na nusu ya saa ya kawaida, anaiachia. Ningekuwa mimi ningegoma. Lakini mwenye nyumba anamdai yeye, si mimi.

Saa 7. Wamesaini, awamu mbili. Nimekataa "mwisho wa mwezi". Nataka tarehe, kiasi na namba ya simu itakayopokea. Mwajiri akikwepa, hati hiyo inapelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, itekelezwe kama hukumu.

Saa 10. Kijana wa juisi, mgahawa mwingine. Madai ya mshahara kufikishwa CMA mwisho siku 60. Yeye yuko ya 57, kisa meneja alimwambia "vumilia". Tunajaza Fomu Na. 1, ya kufungulia madai, chapchap. Nakala lazima impate mwajiri kwanza, na kijana anaogopa kuipeleka peke yake.

Saa 12 jioni. Tunaingia wateja wamejaa. Meneja anasoma mstari wa kwanza, anatazama meza, anasaini haraka. Anauliza tutakula nini. Tumeagiza maji tu, tukalipa, risiti nikaichukua.