Nilivyoacha kuwafukuza watoto kwenye miti

Nilipokabidhiwa mazingira katika shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Dodoma mjini, nilianza na miche kama wanavyoanza wengi. Desemba mvua iliponyesha tulipanda miche 60, tukaizungushia miiba, nami nikatangaza mstarini kwamba atakayeonekana mle ndani tutaonana ofisini. Kufika Agosti ilibaki minne. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikata imekata. Isitoshe, mti ambao mtoto haruhusiwi kuusogelea, nani atakumbuka kuumwagilia?

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa kamati ya shule. "Mwalimu, miti unayo," akasema, huku akigonga kwa fimbo kijisiki nyuma ya darasa la tatu. Kijisiki hicho tulikuwa tukikifyeka kila wiki tukiita usafi. Kumbe mizizi iko hai. Ndiyo kazi ya njia inayoitwa kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unayapogoa, unafunga kitambaa ili anayepita na fyekeo ayaone. Hayadai maji ya ndoo, maana mizizi yake ilishazama chini zamani. Tulipozunguka uwanja tulihesabu visiki 17.

Vingine vilikuwa katikati ya michezo. Safari hii sikuweka miiba. Niliwaita darasa la tano wanioneshe nani anacheza nini na wapi. Wasichana wa rede walikubali kisiki kimoja kiwe mpaka wao, kingine wakakikataa kabisa, tukaachana nacho. Wa kombolela walitaka vyote vibaki. Miaka yote walikuwa wakijificha nyuma ya choo, masikini.

Fundi wa gereji alitupa matairi chakavu manane. Manne tuliyafukia nusu yakawa ya kuruka, manne tukayalaza ya kukalia. Hapo nilikosea. Mvua za kwanza tu yakajaa maji na viluwiluwi vya mbu, na mbu wa dengi hupenda maji ya namna hiyo hasa. Tuliyamwaga, tukayatoboa upande wa chini, tukayajaza mchanga. Ukiweka tairi shuleni, toboa siku hiyohiyo.

Miche minne iliyopona, yote mwarobaini, tuliichimbia kijifereji kutoka kwenye vibuyu chirizi. Mtoto akinawa mikono, mti unakunywa.

Lakini vita kubwa ilikuwa ufagio. Kila asubuhi watoto walifagia uwanja mpaka udongo mwekundu ukang'aa, majani yakachomwa, na upepo wa Julai ukaondoka na vumbi lote lililolegezwa. Nilipoomba tuache kufagia chini ya miti, Mwalimu Mkuu alishtuka. "Wathibiti ubora wa shule wakija kukagua wakakuta majani, nitawajibu nini?" Sikubishana naye mbele ya wenzangu. Jioni nilimwendea, tukaelewana: mbele ya ofisi pafagiliwe, nyuma paachwe.

Visiki viwili vililiwa na mbuzi, kimoja kikakatwa na fyekeo licha ya kitambaa. Vingine sasa vimempita kimo mvulana mrefu kuliko wote wa darasa la saba, na wa darasa la kwanza wanachezea mdako chini yake.

Wathibiti ubora walikuja mwezi uliopita. Dereva wao aliangalia ule uwanja uliofagiliwa mbele ya ofisi, akazungusha gari, akaenda kuliegesha nyuma, juu ya majani, penye kivuli.