Boneti iliyogoma kufunguka, na washauri wangu wa "vuta tu"

Kama kuna neno ambalo sitaki kulisikia tena kuhusu gari, ni "vuta". Karibu wiki tatu boneti ya gari langu ilikuwa imejifunga kama mlango wa mwenye deni, na kila aliyepita alikuwa na dawa ile ile. Vuta kwa nguvu. Vuta kwa ghafla. Vuta huku unamtaja Mungu. Nikavuta, nikavuta, mpaka mkono wa kufungulia, ule wa plastiki ulio chini ya dashibodi karibu na goti la dereva, ukanibaki kiganjani kama jino lililong'oka.

Asubuhi hiyo nilitaka kupima oili tu. Nikavuta mkono, nikasikia ule mlio wake wa "tki", nikazunguka mbele, nikakuta boneti haijainuka hata unene wa ukucha. Nikarudi, nikavuta tena. "Tki" ikaja ndogo zaidi. Mara ya tatu haikuja kabisa, na mkono ukawa mzito kama vile upande wa pili umefungwa kwenye mti.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha. Waya unaotoka kwenye mkono huo kwenda kwenye loki ya boneti ulikuwa bado haujaumia sana, mkono ulikuwa mzima, na kazi yote ingekwisha kwa dakika tano. Badala yake nikampigia simu shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayajua magari. Yaani anajua kuyaongelea.

"Hiyo ni kutu tu, shemeji. Wewe vuta bila huruma."

"Si mkono wenyewe wa plastiki?"

"Waliotengeneza gari si wajinga, shemeji. Vuta."

Wajinga si wajinga, plastiki yao ilikatika.

Nikahamia kwenye henga. Nimewahi kusikia kwamba mtu anaweza kupenyeza waya kwenye matundu ya grili ya mbele, akanasa kile kidude cha loki na kukisukuma, boneti ikaachia. Si uongo, kuna magari yanakubali. Basi nikachukua henga ya nguo ya waya, nikainyoosha, nikaikunja ncha kama ndoana, nikapiga magoti mbele ya bampa, tochi ya simu ikiwa mdomoni. Nilipiga magoti pale kutoka jua la saa nane mpaka jua likachoka lenyewe. Mzee jirani akapita mara ya kwanza, akasalimiwa, akaendelea na safari zake. Aliporudi alinikuta pale pale.

"Mwanangu, unavua samaki?"

"Shikamoo mzee. Nafungua boneti."

"Marahaba. Ungevuta tu."

Karibu na magharibi nikanasa kitu. Nilikisikia kabisa mkononi kikikaza, kikigoma, kisha kikaachia: "plap!" Nikaruka kwa furaha, nikaenda kuinua boneti. Ile ile, imelala. Nilichochomoa kilikuwa soketi ya waya za honi. Kwa hiyo sasa nilikuwa na gari lisilofunguka boneti na lisilopiga honi, na ili niirudishe honi ilibidi kwanza nifungue boneti. Mume wangu alipopata habari hakucheka mbele yangu. Alikwenda kucheka chooni, nilimsikia.

Ukitaka kujaribu henga, kumbuka tu kwamba nyuma ya grili kuna kondensa ya AC, yaani kipoza joto cha kiyoyozi, na vile vibati vyake vyembamba vinapinda kwa kuguswa tu. Nilipinda vichache. Na gari liwe limezimwa na limepoa, kwa sababu kwenye magari mengi feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa bado ya moto hata kama umeshazima.

Fundi niliyempelekea aliinama, akachungulia, akasema lazima grili ivunjwe na bampa litoke. Bei aliyotaja nilihisi anauza boneti nzima na rangi juu yake. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Kilichoniokoa ni aibu. Nilikuwa nimevuta, nimenasa, nimechomoa, lakini sijawahi hata siku moja kuiangalia hiyo loki kwa makini. Nikamwomba mwenzangu wa kazini mwenye gari la aina kama langu afungue boneti yake, nikaichungulia kama robo saa nzima huku nikiikoroga kwa bisibisi. Hakuna uchawi. Chini ya boneti kuna kitanzi cha chuma kinene. Ukifunga, kitanzi kinaingia kwenye loki, ulimi wa chuma unageuka na kukikumbatia, na kipande kingine kidogo kinauzuia huo ulimi usirudi nyuma. Waya unapovutwa kazi yake ni moja, kukiondoa hicho kipande kidogo. Sasa boneti iliyofungwa muda wote inasukumwa juu na springi na zile raba za pembeni inazoegemea ikifungwa. Msukumo huo unafanya ulimi umgandamize mzuiaji wake. Ukizidi kiasi, na kukiwa na vumbi na grisi iliyokauka, unaweza kuvuta mpaka uvute na kiti, hakitoki. Kinachotakiwa ni kuisukuma boneti chini kwanza, ule mgandamizo upungue, halafu ndipo waya uvutwe, taratibu.

Nikiwa nimeinamia gari la mwenzangu ndipo nilipokumbuka jambo nililotamani kulisahau. Mwezi mmoja kabla, boneti yangu ilikuwa ikigongagonga kwenye mashimo. Nikajifanya fundi, nikazizungusha zile raba mbili za mbele ziinuke, mizunguko kadhaa kila moja, na tangu siku hiyo nilikuwa nikifunga boneti kwa kuibamiza. Mgongano uliisha kweli. Kutu aliyoisema shemeji haikuwapo. Mchawi wa gari langu nilikuwa mimi.

Jumapili nikamwita binti yangu. Ana miaka kumi na mbili na ana mikono mizito kuliko umri wake. Nikamwambia aweke viganja viwili juu ya boneti, mbele kabisa pale katikati palipo loki, abonyeze kwa uzito wa mwili bila kurukaruka, maana bati ni bati, linabonyea. Mimi nikaingia chini ya dashibodi. Mkono haukuwapo tena lakini waya ulikuwapo, na kile kifundo chake cha mwisho. Nikakibana kwa plaizi, ile inayojifunga yenyewe. Plaizi ya kawaida nilishaijaribu usiku mmoja, ikateleza, ngumi yangu ikapiga chuma cha kiti, na maneno yaliyonitoka siyaandiki hapa.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza, mama!"

Nikavuta. Hola. Mara ya pili, hola. Mara ya tatu nikaona kitu ambacho siku zote hizo sikukiona kwa sababu ya papara: ganda la nje la waya nalo linatembea. Lilikuwa limechomoka kwenye kishikizo chake wakati mkono ulipokatika, kwa hiyo kila nilipovuta, waya na ganda vilikuja pamoja, na mbele hakuna kilichofika. Nikalishika ganda kwa mkono wa kushoto nikalikaza palepale, wa kulia ukavuta waya peke yake.

"Bonyeza tena! Achia kidogo... bonyeza!"

"Tki."

Halafu sauti ya binti: "Mamaaa, imeruka!"

Nilitoka chini ya dashibodi nikajigonga kichwa na sikujali. Nikaingiza vidole, nikatafuta ile ndoano ya usalama, nikaisukuma, boneti ikapanda. Tulicheza pale uani kama tumeshinda kesi.

Kuna mtu aliniambia baadaye kwamba nikitaka nisisumbuke tena niitoe kabisa hiyo ndoano ya usalama. Tafadhali. Hiyo ndiyo inayoizuia boneti isiinuke ikufunike kioo ukiwa kwenye mwendo, loki kubwa ikiachia. Marekani wana kanuni ya usalama wa magari, namba 113, inayotaka boneti inayofunguka kutoka mbele na inayoweza kumziba dereva iwe na komeo la pili. Hawakuiweka kwa mapambo.

Baada ya hapo sikuifunga kwanza. Nilifunga loki kwa bisibisi huku boneti iko juu: unausukuma ulimi mpaka unalia, kisha mtu ndani anavuta waya. Ukiachia, vizuri. Usipoachia, boneti bado iko wazi na hujapoteza kitu. Nilifanya hivyo mara kumi na kitu, kwa uoga. Kabla yake nilikuwa nimepulizia dawa ya kulainisha, nikasugua uchafu mweusi kwa mswaki wa zamani (wa mume wangu, kwa ile cheko ya chooni), nikafuta, ndipo nikapaka grisi. Dawa ya kupulizia peke yake haitoshi, inasafisha na kukauka. Raba nikazirudisha chini mpaka boneti ikawa inafunga bila kubamizwa, na honi nikaichomeka.

Waya wenyewe ulikuwa umeanza kuchanika upande wa loki, nyuzi tatu zimesimama kama sharubu. Nilinunua mpya na mkono wake, bei yake ukilinganisha na ya yule fundi ni kama nauli. Nilichokiogopa ni kuupitisha mpya kwenye kile kitundu cha ukutani kati ya injini na ndani, mahali ambapo mkono haufiki. Nikafunga uzi imara kwenye ncha ya waya wa zamani, nikauchomoa kutokea ndani, uzi ukaufuata nyuma yake na kubaki umelala kwenye njia ile ile. Kisha nikaufunga mpya kwenye uzi, nikauvuta kutokea mbele. Dakika kumi. Kwa hili najisifu na sitaki kuambiwa kila mtu analijua.

Na nikaongeza kitu ambacho hakimo kwenye gari la mtu yeyote hapa: kipande cha waya mwembamba wa chuma nilichokifunga kwenye loki yenyewe, nikakishusha mpaka chini ya bampa na kukificha mahali ambapo mkono wangu unafika nikilala chini. Waya mkubwa ukikatika tena, nina mlango wa nyuma. Mahali penyewe sipataji, maana mwizi wa betri naye anasoma.

Wiki iliyofuata shemeji akaja kutembea. Hakuuliza chochote. Akaingia upande wa dereva, akaushika mkono mpya kwa kidole kimoja, akauvuta, boneti ikaruka kwa adabu. Akanigeukia akitabasamu.

"Unaona, shemeji? Si nilikwambia ni ya kuvuta tu?"