Bosi yuko vikaoni, kazi iko idara nyingine

Kwenye halmashauri, mkuu wa idara anaweza kushinda vikaoni wiki nzima: menejimenti, kamati za madiwani, ziara za mkoa. Mimi niliye chini yake huenda mwenyewe Ununuzi, Uhasibu na Stoo kufuatilia kazi zetu, ila kwa mipaka iliyoandikwa.

Mipaka naiombea kibali kwa dokezo la nusu ukurasa. Nafuatilia taarifa, tarehe na vielelezo. Chochote kinachogusa kifungu cha bajeti au ahadi kwa mzabuni kinarudi kwa bosi. Akisaini, dokezo linaingia jaladani. Ruhusa ya mdomo haifai kitu mkaguzi wa ndani anapouliza nani alikutuma.

Idara nyingine naanza kwa mkuu wake. Najitambulisha, namuuliza suala langu kampangia nani, ndipo nimfuate huyo. Ukimrukia na kumpa ofisa wake kazi, utapata huduma mara moja tu. Baada ya hapo kila karatasi yako itaambiwa isubiri.

Chukulia ununuzi wa kompyuta mpakato. Uhasibu nathibitisha salio la kifungu, Ununuzi nahakikisha zimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, maana kisichopangwa kitakwama kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Sifa naandika na watu wa TEHAMA: RAM GB 16, diski ya SSD GB 512, dhamana ya mwaka 1. Ombi linalosema "kompyuta nzuri" litarudi, na ni haki lirudi. Hayo yote hayahitaji saini ya bosi. Yeye anapelekewa ombi likiwa kamili, asome na kusaini.

Malipo ndiyo hukwama zaidi, na mara nyingi kwa sababu ndogo: kamati ya mapokezi haijasaini, idadi kwenye ankara haifanani na ya hati ya kupokelea mzigo, au risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ina jina lisilo la halmashauri. Karatasi hizo nazilinganisha palepale Stoo, mzabuni akiwa bado yupo.

Ijumaa bosi anapata ujumbe wa mistari mitatu: kilichokamilika, kilichokwama na kwa nani, saini zinazomsubiri. Akisafiri, naulizia mapema nani anakaimu na kama barua ya kukaimu imetoka, kwa sababu bila barua hiyo Uhasibu hawaitambui saini yake. Mei na Juni ni hatari zaidi: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na vocha ya malipo isiyo na saini hailipwi.