Mawingu Yanayozaliwa Makete

Wageni wengi wanaofika Makete, wilaya ya milimani mkoani Njombe, hulalamika kwamba hali ya hewa ya huku haina msimamo: asubuhi jua linawaka, saa sita mchana ukungu umefunika barabara hadi madereva wanawasha taa, saa tisa yananyesha manyunyu, na jioni anga limetakata tena. Mimi ninayeishi huku sikubaliani nao. Ni kweli hali hubadilika haraka, lakini hubadilika kwa utaratibu ule ule, na sababu kubwa ni kwamba mengi ya mawingu yetu hayasafiri kutoka mbali, bali hutengenezwa hapa hapa tukiyaona.

Upande wa kusini-magharibi, Milima ya Livingstone inaporomoka ghafla hadi Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Kwa hiyo hewa yenye joto na unyevu inayotoka ziwani, ikitaka kupita, haina budi kupanda zaidi ya kilomita mbili. Kadiri inavyopanda, kanieneo hupungua, hewa hutanuka, na kutanuka huko huipoza kwa nyuzi 10 hivi kwa kila kilomita, mpaka mvuke uliomo unapoanza kugeuka matone madogo mno yanayoshikamana na chembe za vumbi na moshi. Hapo wingu limezaliwa.

Tuseme hewa ya Matema, kule ufukweni, ina nyuzi 28, na mvuke wake utaanza kugeuka matone ikipoa hadi nyuzi 20. Kila nyuzi moja ya tofauti hiyo ni sawa na mita 125 hivi za kupanda, kwa hiyo kitako cha wingu kitakuwa mita 1,000 juu ya ziwa. Mtu wa Matema ataona wingu limekaa katikati ya mlima, aliye kwenye mteremko atasema kuna ukungu, na sisi wa juu tutakuwa tunaliinamia tukilitazama linavyopanda.

Saa nazo zina maana yake. Usiku hewa baridi huteremka kuelekea ziwani, ndiyo maana asubuhi huku juu huwa kweupe. Jua likishapasha miteremko, upepo hugeuka na kuanza kupanda. Vipande vya kwanza vya wingu huvuka ukingo vikiwa vyembamba na hutoweka papo hapo, kwa sababu hewa ikianza kushuka upande wa pili hupata joto upya. Vipande vinapoacha kutoweka, na matone yanapoanza kukaa kwenye sufu ya sweta, ni wakati wa kuanua nguo na kuingiza ndani pareto iliyoanikwa. Kushuka huko kwa hewa ndiko kunakoinyima mvua bonde la Usangu, kaskazini mwa milima, ambako mpunga hutegemea maji ya mito inayotoka huku kwetu, wakati Kyela, upande wa ziwani, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hayaishii kutambaa. Wingu lenye kitako bapa na kichwa kinachofura likiendelea kukua hadi kichwa nacho kikatandazika, tegemea radi, na mara nyingine mvua ya mawe inayochana majani ya viazi.

Juni hadi Agosti hofu yetu huwa anga lisilo na wingu. Ardhi hupoteza joto usiku kucha kuelekea juu, na wingu, kama lipo, hulirudisha sehemu yake chini kama blanketi. Lisipokuwepo, na upepo ukitulia, hewa iliyo karibu na udongo hupoa kupita kiasi, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama mabondeni. Kwa bahati mbaya ndiko viliko vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kwa sababu kiangazi unyevu hupatikana huko. Asubuhi utakuta viazi vya bondeni vimeungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda, majani yamekuwa meusi, na shamba la jirani lililo juu kidogo kwenye mteremko halijaguswa.

Jambo hili hupotosha watu wanaposikiliza utabiri redioni. Kipimajoto cha kituo huwekwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, zaidi ya mita moja kutoka ardhini, na usiku mtulivu udongo unaweza kuwa baridi kuliko hapo kwa nyuzi kadhaa. Ukitangaziwa nyuzi 3 na jioni hakuna wingu, funika miche ya bondeni kwa nyasi kabla ya kulala.