Siku moja maishani mwangu: kumtafuta besi Ziwa Naivasha

Saa kumi na nusu alfajiri

Kabla sijafunga kamba za viatu hutoka nje kwanza, nikasimama gizani kusikiliza upepo. Naivasha iko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri baridi huingia mpaka kwenye mifupa, lakini baridi si neno. Neno ni upepo. Asubuhi ziwa hulala kimya, alasiri huamka na hasira, na mashua ndogo kama yangu haina ubishi nalo. Kazi yangu yote ya siku lazima iishe kabla ya hapo.

Leo majani hayatikisiki. Nakunywa chai nikiwa nimesimama, nachukua dumu la petroli, naondoka.

Mimi ni mwendesha mashua, na kazi yangu ni kuwaongoza wavuvi wa ndoana. Sitegi nyavu. Wageni wangu humtafuta besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana na mstari mweusi ubavuni. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini, na hapa aliletwa mwaka 1929. Vitabuni anahesabiwa mgeni, ila mimi nimezaliwa nikamkuta.

Saa kumi na moja na nusu

Ufukweni Kamere mgeni wangu amenitangulia. Ni Mkenya anayeishi Texas, amekuja likizo pamoja na binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye amejifunika shuka la Kimasai hadi masikioni.

"Habari ya asubuhi, anko," ananisalimia binti, polepole, kwa Kiswahili alichokifanyia mazoezi njiani.

"Njema sana, mama. Umelala vizuri?"

Baba yake ananiita nahodha, mimi namwita kaka. Jana usiku alinipigia simu kunieleza kwamba amebeba vifaa vyake vyote, na kweli, anapofungua sanduku chini ya taa yangu naona duka zima. Chambo bandia za kila umbo: visamaki vya kung'aa, vijiko, vyura wa mpira, minyoo ya plastiki ya rangi ambazo sijui majina yake. Anazitoa moja moja kwa upendo. Anazozipenda zaidi ni visamaki vyeupe vya fedha, kwa sababu kwenye bwawa analovua kule besi hukimbiza makundi ya samaki wa namna hiyo katika maji maangavu.

"Kaka, hivi ni vizuri," namwambia, "lakini tuviache garini."

Hapa nisipoeleza vizuri mgeni hudhani najifanya mjuzi, kwa hiyo naeleza. Besi wa Naivasha chakula chake kikubwa ni kamba, wale wekundu wa maji baridi walioletwa ziwani mwaka 1970. Kamba hatembei juu juu ya maji akimetameta. Anatambaa chini, kwenye mizizi na matope, na akishtuka anarudi kinyumenyume kwa mkupuo mmoja. Halafu kuna maji yenyewe. Tangu karpu waanze kuonekana humu mwaka 2001, ziwa lina samaki anayechimbachimba chini akitafuta chakula na kuvuruga tope. Mvua ikinyesha Nyandarua, Mto Malewa nao unaleta lake. Besi ni mwindaji wa macho. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, macho yanamsaidia kidogo tu, naye hutegemea zaidi mstari mwingine wa ubavuni, si ule mweusi, unaohisi mtikisiko wa maji.

Basi chambo cha hapa kinatakiwa kiwe cha rangi nzito, nyeusi au nyekundu iliyoiva, ili kionekane kama kivuli. Kitikise maji. Na kipite karibu na pua ya samaki, maana hatakuja mbali kukifuata. Rangi zile za kung'aa huwavutia zaidi wanunuzi kuliko samaki wa maji ya tope.

Tunaandaa fimbo tatu. Ya kwanza ni nene, futi saba, yenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ya ngoma, na mshipi wa kusuka wa pauni hamsini. Mgeni anashangaa: pauni hamsini kwa samaki wa kilo moja au mbili? Namwonyesha kwa kidole upande wa ufuko, ambako mapambazuko yanaanza kuchora migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji. Ziwa lilipopanda mwaka 2019 na 2020 lilimeza mashamba, nyumba na miti. Watu walihama, migunga ikabaki ikafa. Leo ile miti ndiyo nyumba ya besi. Mshipi haupambani na samaki peke yake, unapambana na magogo na gugu maji.

Fimbo ya pili ni ya wastani, mshipi wa fluorokaboni wa pauni kumi na tano. Huu unazama, na hauonekani sana majini, kwa hiyo ni wa chambo za kwenda chini. Usiufunge kwenye chambo cha kuelea, utakivuta pua chini na mchezo wake utakufa. Ya tatu ni nyepesi, na rili yake ni ile ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo. Hiyo nampa binti, kwa sababu rili ya ngoma bila kidole gumba kilichozoea humgeuzia mtu mshipi ukawa kiota cha ndege, na sitaki asubuhi yake iishie kwenye kufungua mafundo.

Mafundo nayafunga mwenyewe. Naukunja mshipi mara mbili, naupitisha tunduni mwa ndoana, napiga fundo moja la kawaida, naipitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, halafu naloweka kwa mate kabla ya kukaza. Wengi huruka hatua hiyo ya mate. Miaka ya mwanzo na mimi niliiruka. Nilikaza fundo kavu, msuguano ukaunguza mshipi pasipo kuonekana, na mzee mmoja aliyekuwa ameingoja safari ile mwaka mzima akapoteza samaki mkubwa kandokando ya mashua. Hakunilaumu. Mshipi ulirudi na mkia uliojikunja kama nywele iliyoungua, nami nikajua kosa lilikuwa langu. Uso wake naukumbuka kila ninapolowesha fundo.

Saa kumi na mbili na robo

Majaketi ya kuokoa maisha yamefungwa mpaka juu, injini imewaka. Twende.

Saa hizi viboko wanarudi majini kutoka malishoni, na jambo moja silifanyii mzaha: mashua haisimami kati ya kiboko na maji ya kina. Naona vichwa vinne mbele ya mafunjo, nazunguka mbali. Kule ndiko kwenye samaki wengi, mgeni ameshaona samaki wakiruka. Tunazunguka hivyo hivyo.

Saa moja kasoro

Jua limetoka. Pembeni mwa kisiwa kidogo cha gugu maji nazima injini, namkabidhi kaka fimbo nene yenye chura wa mpira. Chura huyu ana ndoana mbili zilizolala mgongoni mwake, ncha zimeelekea juu na kuubana mwili, kwa hiyo anatambaa juu ya majani bila kunasa. Mrushe katikati ya majani, mburute taratibu, na akifika ukingoni penye maji wazi, msimamishe. Hapo ndipo besi hupigia.

Mara ya tatu maji yanapasuka kama mtu ametupa jiwe. Kaka anavuta fimbo palepale, na chura anarudi akiruka hewani, mtupu.

"Mapema mno," namwambia. "Ukiona mlipuko, usivute. Hesabu moja. Subiri usikie uzito, ndipo uvute kwa nguvu."

Ni vigumu. Moyo unataka kuvuta, na sauti ile ya maji inamfikia mtu mikononi kabla haijafika kichwani. Anakosa wa pili vilevile. Wa tatu anamngoja, midomo inahesabu, anavuta, na mshipi wa pauni hamsini unafanya kazi iliyouleta: samaki anajaribu kujizika kwenye mizizi ya gugu, kaka anamkokota pamoja na kilo kadhaa za majani hadi ubavuni. Tunafukua majani, tunamkuta chini yake, gramu mia saba hivi, kijani kibichi.

Saa mbili na nusu

Chura ni wa mwanga mdogo. Jua likipanda, besi hushuka kivulini, nasi tunahamia kwenye migunga.

Hapa ndipo kazi ninayoipenda ilipo. Kwenye fimbo ya binti nimefunga mtindo unaoitwa wa Texas, kwa hiyo baba yake anatabasamu, kwamba ameruka bahari mbili kuja kufundishwa cha nyumbani kwake. Chubwi ndogo yenye umbo la risasi, gramu saba, inateleza kwenye mshipi. Chini yake ndoana pana iliyopinda shingoni. Kwenye ndoana kuna kamba wa plastiki, mwekundu mweusi, na ncha ya ndoana imerudishwa kufichwa ndani ya mwili wake. Ncha haionekani, hivyo haishiki kuni. Samaki akibana, plastiki inabonyea na ncha inatoka.

Usirushe mbali. Tuko mita tano tu kutoka shinani. Mwachie kamba aanguke taratibu kando ya gogo, upande wenye kivuli, na uangalie mshipi, maana mara nyingi besi humdaka akiwa bado anashuka na mkono hausikii kitu. Mshipi ukiruka kidogo, au ukianza kutembea pembeni, au ukilegea kabla ya wakati wake, huyo ni samaki. Akifika chini bila kuguswa, mnyanyue kiganja kimoja, mwachie tena. Mara tatu, kisha gogo jingine.

Binti hachoki. Gogo la kwanza mpaka la kumi hakuna kitu, baba ameshaanza kuchungulia mkoba wa chakula. Kwenye gogo lenye mnandi juu yake, akianika mabawa, binti ananong'ona: "Anko, mshipi unatembea."

"Vuta!"

Fimbo nyepesi inapinda mpaka mpini. Breki ya rili inalia. Namwambia ashushe ncha ya fimbo na kuivuta pembeni, kwa sababu besi akiona fimbo imeinuliwa juu huruka, hutikisa kichwa na kuitema ndoana. Huyu anaruka hata hivyo, mara moja, mdomo wazi kama kikombe, tone la maji linanifikia usoni. Binti haachi mshipi ulegee. Dakika mbili baadaye nalowesha mkono, namshika samaki taya la chini kwa kidole gumba (meno yake ni kama msasa, hayakati), na mkono wa pili nambeba tumbo. Samaki mkubwa usimning'inize kwa taya pekee, linaumia. Kilo moja na robo. Kooni mwake zinachomoza sharubu mbili za kamba.

Namwonyesha kaka zile sharubu. Anaziangalia muda mrefu.

Binti anataka kumrudisha majini, tunamrudisha. Anakaa kando ya mashua akipumua, kisha hayupo.

Saa tano

Upepo unaanza kukuna maji. Tunajaribu upande wa Kisiwa cha Crescent, kwenye kina kirefu, kwa chambo kizito cha chini. Wawili wadogo, basi. Kaka anasimulia rekodi ya dunia, besi wa pauni 22 na aunsi 4 aliyevuliwa na George Perry jimboni Georgia mwaka 1932, iliyokuja kufikiwa na Manabu Kurita kwenye Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Ni zaidi ya kilo kumi. Binti anauliza kama humu ndani yumo wa namna hiyo. Namjibu kwamba mimi sijamwona.

Saa saba mchana

Tumerudi ufukweni na nguo zimelowa mawimbi. Wavuvi wa nyavu wanamwaga samaki wao, karpu juu ya karpu, tilapia wachache, besi mmoja. Kaka anauliza kwa nini karpu ni wengi na besi ni mmoja tu. Namweleza kuhusu tope, na pia jambo ambalo wageni wengi hawalijui, kwamba ziwa hili lilikuwa na kisamaki chake kidogo cha asili, na mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962. Besi ni miongoni mwa wanaolaumiwa. Nampenda samaki huyu, amenisomeshea watoto, na bado naliona hilo kuwa hasara isiyolipika.

Saa kumi jioni

Wageni wamekwenda. Mimi naosha rili kwa maji safi, nakata mita mbili za mwanzo za kila mshipi, maana hapo ndipo magogo yamekwaruza, na vipande navitia kwenye chupa. Mshipi uliotupwa ziwani hunasa miguu ya ndege. Naipitisha kila ndoana kwenye ukucha: ikiteleza ni butu, ikikwama inafaa. Mbili zinahitaji tupa.

Kabla ya kupanda gari, kaka alikuwa ameninyoshea kalamu na karatasi. Alitaka nimwandikie cha kunitumia akifika Texas. Kwenye sanduku langu wamebaki kamba watatu tu wa plastiki, mmoja hana gando. Nikaandika: kamba, urefu wa kidole cha kati, mwekundu karibu na mweusi. Binti akaichukua kalamu, akaongeza chini yake: *kama yule wa kooni*.